Mimi Siyo Bendera

"Hapa hakuna vigari," alisema dada aliyetugawia fimbo za gofu. "Uwanja wenyewe mfupi. Kila mtu kwa miguu yake."

Nilimgeukia mume wangu ili tucheke pamoja, maana dereva kuambiwa atembee ni kichekesho tosha. Lakini yeye hakuwa anacheka. Uso ulikuwa umemshuka.

"Hakuna hata kimoja?" aliuliza. "Mgongo wangu huu…"

"Mgongo gani, Rubani?" Bosi akamkatiza. "Juzi umebadilisha tairi la basi peke yako. Twende bwana, usituletee uzee!"

Bosi ndiye mkuu wa usafiri wa shule ambayo mume wangu anaendesha basi. Jina la Rubani walimpa wanafunzi wenyewe, kwa sababu akisimamisha basi kituoni, walisema, linatua kama ndege, hata maji kwenye chupa hayatikisiki. Mwaka mzima basi lake halikupata mkwaruzo, na shule ikaamua kumzawadia: siku moja ya mapumziko kwenye hoteli kubwa nje ya mji, yeye na familia, chakula na michezo yote juu ya shule. Bosi, ambaye kwa gofu haambiliki, alijitolea kutupeleka kwa gari lake na kutufundisha kucheza.

Kwa hiyo tulikuwa wanne: Bosi na kofia yake nyeupe, mume wangu, mimi, na binti yetu tunayemwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni. Siku hiyo Kidoti alikuwa amevaa gauni jekundu. Nililishona mwenyewe kwa kitambaa kilichobaki kwa mteja, na tangu asubuhi alikuwa akizunguka kila akipita mbele ya kioo.

Njiani alikuwa amekaa mbele na Bosi, kama alivyozoea kukaa mbele kwenye basi la baba yake. Kila tukikaribia taa za barabarani alikuwa akipaza sauti: "Nyekundu, anko!" Au: "Kijani, twende!" Bosi akawa anacheka mpaka anapiga usukani. "Nimeiona, malkia wangu, nimeiona. Shemeji, huyu mtoto atakuja kuwa trafiki!" Na mimi nikacheka. Nataka mjue kwamba nilicheka.

Uwanja ulikuwa mzuri jamani. Nyasi zimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule, vijilima viwili vitatu, miti ya kivuli, na hapa na pale duara la nyasi laini kama zulia, katikati yake shimo lenye bendera nyekundu. Bosi akatueleza: mashimo yako karibu karibu, ukipiga vizuri pigo moja linakufikisha kwenye zulia, mawili ya kusukumia shimoni, umemaliza. Mapigo matatu tu. "Hata mtoto anaweza," akasema.

Mimi nilipiga nikang'oa bonge la udongo, likaruka mbali. Mpira ukabaki palepale unanitazama.

"Shemeji, tumekuja kucheza, siyo kulima!" Bosi akasema.

"Niache, natayarisha shamba kwanza."

Ikawa zamu ya mume wangu. Alisimama na fimbo, akatazama mbele, akatazama tena. Kidoti akamfuata bila kuitwa, akasimama nyuma yake, akamsogeza kiuno kwa mikono yake miwili.

"Bendera iko kule, Baba. Kwenye mti wenye kichwa kikubwa. Mguu huu urudi. Hapo hapo. Piga!"

Akapiga. Sijui alijifunzia wapi, lakini mkono wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu anayekata kitambaa cha hariri. Mpira ukapaa. Kidoti akawa anatangaza: "Unapaa… unapaa… umeanguka… umelala kwenye zulia, Baba! Upande wa kulia!"

"Rubani, kumbe una mnara wako wa kuongozea ndege!" Bosi akasema, na sote tukacheka, hata mume wangu, ingawa yeye alichelewa kidogo.

Kisha tukatembea. Mume wangu aliweka mkono begani kwa Kidoti, na Kidoti akawa anamwambia: shimo dogo hapa, jiwe, sasa tunapanda. Nilibaki nyuma kidogo nikiwatazama, baba mrefu na mtoto mwenye gauni jekundu, na moyo ukanijaa. Wanawake wangapi wana mwanaume anayecheza na mtoto namna hii? Nilitamani kuwaita majirani waje waone.

Tuliendelea hivyo shimo baada ya shimo. Tulipokuwa tunatoka kwenye duara moja kwenda lingine, Bosi akamshika mume wangu bega.

"Nilitaka nikuambie mbele ya mama watoto, afurahi naye. Lile basi jipya, lile kubwa, limefika. Ni lako. Jumatatu unaanza nalo. Unawapeleka wanafunzi wote wa darasa la mwisho kwenye maporomoko, njia ya milimani."

Nilipiga kigelegele, watu waliokuwa wanacheza nyuma yetu wakageuka.

"Jumatatu hii?" mume wangu akauliza.

"Hii hii. Vipi, hutaki?"

"Hapana, nashukuru, Bosi. Ni kwamba… ile njia sijawahi kupita."

"Sasa dereva mzima unaogopa njia? Zile kona za kule zinataka mtu kama wewe. Nani mwingine nimpe watoto wa watu?"

Nilimfinya mume wangu mkono kwa furaha. Ulikuwa wa baridi.

Hapo ndipo Kidoti akaanza kubana miguu, dalili ambayo kila mama anaijua. Kwa bahati yule dada wa fimbo, Kidoti alishamwita Dada Fimbo, alikuwa anapita na ndoo akiokota mipira iliyopotea. Akasema choo kiko nyuma ya miti, atampeleka. Kidoti kabla ya kuondoka akamnyooshea baba yake kidole:

"Usipige mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia, mkuu," baba yake akajibu.

Lakini waliokuwa nyuma yetu walishafika, wamesimama wameegemea fimbo, wanatungoja. Bosi akapiga wa kwake. Mimi nikapiga, safari hii angalau mpira ulitambaa. Kidoti hajarudi.

"Rubani, piga bwana, tunazuia watu."

"Namsubiri mtoto."

"Mtoto ndiye anayepiga? Piga!"

Mume wangu akasimama. Akapepesa macho. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Kidoti, na hii bendera yake ni nyekundu?"

"Zote nyekundu, baba Kidoti. Si unaziona?"

Nilisikia fimbo ikikata upepo, kisha mlio ule mtamu wa mpira uliopigwa sawasawa. Nikainua kichwa kuusindikiza kwa macho. Bendera ilikuwa kushoto, juu ya kijilima. Mpira ulikuwa unakwenda kulia, umenyooka, unashuka kwenye njia inayotoka chooni. Na kwenye njia ile palikuwa na kitu kimoja tu chekundu.

Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Mpira ulipita pembeni ya kichwa cha mwanangu, ukagonga ndoo ya Dada Fimbo. Ndoo ikadondoka, mipira ikatawanyika chini kama mayai. Kidoti alibaki amesimama, mikono imeshika gauni, kisha akapaza sauti, na ilikuwa ya hasira kuliko ya hofu:

"Baba! Mimi siyo bendera!"

Bosi aliangua kicheko, kile cha mtu aliyeogopa kisha akaona kumbe salama. Waliokuwa nyuma yetu nao wakacheka. "Rubani leo amepotea njia!" Bosi akasema huku anajifuta jasho. "Mpira umeteleza, eh? Hutokea, hutokea, hata mimi nilishawahi kuvunja kioo cha jikoni."

Mimi sikucheka. Mimi ni fundi, naujua mkono ulioteleza na mkono uliokusudia. Ule mpira haukuteleza. Ulikwenda pale pale alipoulenga. Mume wangu alilenga kitu chekundu, akakipata, na bado alikuwa amesimama anatazama upande ule akisubiri mtu amwambie amefanya nini.

Nilikimbia. Nilimkumbatia Kidoti, nikampapasa kichwa, masikio, shingo.

"Mama, unanibana," Kidoti akalalamika. "Nilimwambia asubiri! Hata kwenye basi huwa anasubiri nimwambie."

Mikono yangu ikasimama.

"Umwambie nini, mwanangu?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Macho yakamtoka.

"Niambie mama. Sigombi."

"Ni siri ya marubani."

"Na mimi ni mama wa rubani. Niambie."

Akasogea sikioni kwangu. Pumzi yake ilikuwa ya joto, inanukia juisi ya maembe aliyokunywa asubuhi. "Mchezo wa rangi. Mimi namwambia taa ikiwa nyekundu na ikiwa kijani. Na kama kuna mtu anavuka. Na kama kuna gari limesimama. Baba anajua njia yote, mimi namwambia vitu vipya tu."

Vitu vipya tu.

Nilikaa chini pale pale katikati ya mipira. Dada Fimbo akaniuliza kama naumwa, nikatikisa kichwa. Kila nilichokuwa nimekiona mwaka ule kikaanza kurudi kimoja kimoja. Jinsi anavyomimina chai akiwa ameingiza kidole ndani ya kikombe, na mimi namgombeza kuwa ni uchafu. Jinsi anavyonipa simu yake, "nisomee, nimechoka." Jinsi alivyoacha kuja kunichukua kwenye darasa la jioni, nami nikadhani ananionea wivu kwa sababu nimerudi kusoma, nikanuna juma zima. Giza lilikuwa limeingia, ndiyo maana. Hakuweza.

Na Kidoti. Mwalimu wake alishaniita mara mbili kuniambia mtoto anasinzia darasani. Akirudi nyumbani analala na viatu, kijiko kiko mdomoni. Nilimpa dawa ya minyoo! Nilimpunguzia sukari, nikamnunulia vitamini. Kumbe mwanangu alikuwa anafanya kazi. Kila asubuhi na kila alasiri, mtoto ambaye meno yake ya mbele hayajamaliza kuota alikuwa ndiye macho ya basi zima la watoto wenzake, na yule mama mhudumu wa basi yuko nyuma huko anafunga wadogo mikanda, hajui lolote.

Nilimwachia Dada Fimbo mtoto waokote mipira pamoja. Nikarudi kwa mume wangu. Bosi alishatangulia kwenye zulia, anapiga mluzi.

"Vidole vingapi?" nikamwuliza, nikanyoosha mkono.

"Mama Kidoti…"

"Vingapi?"

Kisha akasema taratibu, "Nauona mkono."

Sijawahi kumpiga mtu. Siku hiyo nilikunja ngumi nikaishika kwa mkono wa pili.

"Tangu lini?"

"Ilianza kidogo kidogo. Ni kama kioo cha gari kikipatwa na mvuke. Unafuta, hakifutiki. Sasa naona madoa ya rangi tu, tena ya vitu vikubwa. Nikasema itapita."

"Na vipimo? Kila mwaka si wanakupima macho?"

"Ubao wa herufi ni uleule, ukutani palepale. Niliukariri zamani." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu kama kikohozi. "Ile njia naijua, mama Kidoti. Kila shimo, kila kona. Naijua kwa mwili. Kingine chochote Kidoti ananiambia. Sijagusa hata ukingo wa barabara, unajua mwenyewe. Hapa nilifikiri kuna vigari, nitakaa, nisingizie mgongo, siku iishe."

"Umemlenga mwanao mpira wa kichwa."

"Sikumpiga."

"Kwa bahati tu!"

Akafumba macho. Machozi yakatoka kwenye yale macho yasiyoona, nami nikawa namwonea uchungu na kumchukia kwa pamoja, sikujua kama vitu viwili hivyo vinaweza kukaa kifuani kwa wakati mmoja.

"Nikisema, kazi imekwisha," akanong'ona. "Mimi sijui kitu kingine. Mimi nikishuka kwenye basi ni nani? Tuongee nyumbani. Nakuomba."

"Na Jumatatu? Njia ya milimani? Kidoti hatakuwepo, ni safari ya wakubwa. Nani atakuambia kona?"

Aliipapasa ncha ya fimbo yake.

"Limebaki shimo moja," nikamwambia. "Sema wewe. Tukimaliza hujasema, nasema mimi. Na wewe ndiye ninayetaka useme, baba Kidoti, kwa sababu nataka siku moja nimwambie mwanetu kwamba baba yake alisema mwenyewe."

Tulitembea. Mimi ndiye niliyemshika mkono safari hii, na nilishangaa jinsi alivyojua kushikwa. Hakujikwaa hata mara moja.

Shimo la mwisho lilikuwa rahisi kuliko yote. Hapakuwa na kijilima wala mti. Bendera ilisimama mbele yetu peke yake, upepo unaipeperusha, karibu ungeweza kuisikia. Kidoti alishatufikia, mifuko imejaa mipira aliyopewa na Dada Fimbo. Akamfuata baba yake kama kawaida, akaweka mikono kiunoni kwake.

"Hapana, mama," baba yake akamwambia. Akaishika ile mikono, akaitoa polepole. "Pumzika."

Akamgeukia Bosi. "Bosi, nionyeshe bendera iko wapi."

"Ile pale."

"Wapi?"

"Rubani, acha mchezo. Ile pale mbele yako!"

"Sioni, Bosi."

Bosi akacheka kidogo, akanitazama ili nicheke naye. Alichokiona usoni kwangu kikamkata kicheko. Akatazama uwanja uliokuwa mtupu, akatazama bendera, kisha akainua fimbo yake taratibu mbele ya uso wa mume wangu. Mume wangu hakupepesa. Fimbo ikaanguka kwenye nyasi.

"Tangu lini?"

Mume wangu akamwambia yote. Ubao wa herufi, mvuke, mchezo wa rangi. Hakuacha kitu, na hakujitetea. Bosi alikuwa anarudi nyuma hatua moja moja, kama mtu aliyekuta nyoka sebuleni. Alipofika kwenye benchi akakaa, akavua ile kofia nyeupe, akaishika kwa mikono miwili.

"Watoto wa watu," alisema. "Rubani. Watoto wa watu! Mjukuu wangu yuko kwenye hilo basi."

"Najua, Bosi."

"Jana nimemfunga mkanda mwenyewe. Nimekupungia mkono. Ukanipungia."

"Nilisikia sauti yako."

Bosi akainamisha kichwa muda mrefu. Waliokuwa nyuma yetu walifika, wakatutazama, wakapita pembeni. Hatimaye akanyoosha mkono. Mume wangu hakuuona, basi Bosi akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Funguo."

Alizitoa mfukoni. Hata siku ya mapumziko alikuwa nazo. Zilikuwa zimefungwa na kile kipande cha utepe wa bluu nilichomshonea alipoanza kazi. Alizishika kidogo, akakipapasa kile kitambaa, kisha akaziweka kiganjani kwa Bosi.

"Asubuhi mama Kidoti anakupeleka hospitali ya macho," Bosi akasema. "Huenda ni kitu cha kutibika, mimi siyo daktari. Kuhusu kazi sikuahidi chochote. Usiniombe leo. Leo nikikutazama nataka kukutia makofi."

"Sikuombi, Bosi."

Tulitembea kurudi hadi kwenye gari, na uwanja ule uliokuwa mfupi sana asubuhi haukutaka kuisha. Kidoti alikaa mbele. Mimi na baba yake tukakaa nyuma. Hakuna aliyewasha redio.

Kwenye taa za kwanza za kuingia mjini, nilimwona mwanangu akinyoosha mgongo na kusogea ukingoni mwa kiti. Macho yake yalikuwa yametoka kama ya mlinzi. Tangu asubuhi nilikuwa nimeyaona macho yale, na yalikuwa yamenichekesha.

"Nyekundu, anko!"

Bosi hakucheka. Alishasimamisha gari. Aliweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Nimeiona, mwanangu," akasema. "Zote naziona. Usijali tena."

Kidoti akageuka nyuma, akamtazama baba yake, kisha mimi. Alikuwa ameelewa zaidi ya tulivyodhani.

"Kwa hiyo na mimi nimefukuzwa kazi?"

Mume wangu aliinamia kiti cha mbele. "Hapana, mama. Umestaafu. Umefanya kazi nzuri sana, na baba anakuomba msamaha."

Alifikiria hilo kidogo. Kisha akaegemea kiti. Taa zilipobadilika kuwa kijani hakusema kitu, na gari likaondoka. Kabla hatujafika taa zilizofuata nilisikia mpira mmoja ukidondoka mfukoni mwake na kubiringika miguuni. Nikainuka kidogo kuchungulia. Kichwa kilikuwa kimelalia mkanda, mdomo wazi, mikono imeachia.

"Kuna nini?" mume wangu aliuliza, akinitafuta mkono gizani mwake.

"Amelala," nikamwambia. "Mwanao amelala garini."